Cheni Ndefu, Gurudumu Dogo

Baiskeli nyingi za kukunja za bei ya kawaida huja na sproketi ya mbele ya meno 52 na friwili ya gia 7, kuanzia meno 14 hadi 28. Hiyo 52 inaonekana kubwa mno mpaka ukumbuke gurudumu lenyewe. Tairi la inchi 20 likizunguka mara moja husogea kama mita 1.54 tu, wakati la inchi 28 linapita mita 2. Sproketi kubwa ya mbele imewekwa kufidia udogo huo. Lakini mlimani, kwenye gia nyepesi kabisa, mzunguko mmoja wa pedali bado unakusogeza mita 2.86, na mwenye mzigo nyuma anausikia uzito wake magotini. Ndipo watu hutafuta friwili ya 14 hadi 34, ambayo inashusha mwendo huo hadi mita 2.36.

Kuifunga friwili hiyo si kazi kubwa. Kazi iko kwenye deraila, kile chombo cha roli mbili kinachoning'inia nyuma na kuhamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine.

Deraila ina majukumu mawili. Roli ya juu huisukuma cheni pembeni hadi chini ya sproketi unayoitaka. Roli ya chini, iliyo kwenye ncha ya mkono wenye springi, huvuta ulegevu wa cheni unaobaki. Kwa sababu hiyo kila deraila ina vipimo viwili: sproketi kubwa kuliko zote inayoweza kuipandia, na tofauti ya meno inayoweza kuimeza. Kipimo cha kwanza kinatokana zaidi na umbo la mwili wake. Mwaka 1964 kampuni ya SunTour ya Japani ilitoa deraila yenye msambamba uliolazwa, ili roli ya juu ishuke kadiri inavyoingia ndani kuelekea sproketi kubwa. Deraila nyingi za leo zimejengwa juu ya wazo hilo. Kipimo cha pili kinatokana na urefu wa mkono.

Vipimo hivi vikichanganywa, pesa inapotea. Mtu akisikia meno 34 anakimbilia deraila ya mkono mrefu, iliyotengenezewa baiskeli za milimani zenye sproketi 3 mbele na inayoweza kumeza tofauti ya meno zaidi ya 40. Hebu fanya hesabu. Toa 14 kwenye 34, unapata 20. Mbele kuna sproketi moja tu, kwa hiyo hakuna cha kujumlisha. Mkono wa wastani unatosha kabisa, mradi mwili wa deraila unafika 34. Na kwenye gurudumu dogo jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ekseli yake iko sentimita 25 hivi kutoka ardhini, wakati ya inchi 28 iko karibu 35. Ukiwa kwenye gia za kati mkono unaning'inia wima, na ule mrefu unakuwa jirani wa tope, nyasi na kingo za barabara.

Cheni nayo inataka hesabu yake. Viungo vyake, vya nusu inchi kila kimoja, hupishana wa ndani na wa nje, kwa hiyo huongezwa viwili viwili. Sproketi ya nyuma ikiongezeka meno 6, cheni inayoizunguka nusu inahitaji viungo 3 zaidi, utaongeza 4. Njia ya uhakika ni kuizungusha cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye deraila, kisha kuongeza viungo 2 pale ncha zinapokutana. Fundi aliyezoea baiskeli ya Phoenix ya gia moja huipenda cheni iliyokazwa. Hapa akiikata fupi, siku utakapopanda gia ya 34 deraila itavutwa mbele kwa nguvu, na sikio la fremu linaloishika litapinda.

Kwa baiskeli ya mjini mimi ningeanza mbele. Sproketi ya meno 44 badala ya 52, na friwili ileile ya zamani, inakupa mita 2.42 mlimani: pungufu ya sentimita 44, bila kugusa deraila. Unapunguza viungo 4 vya cheni, basi. Unachopoteza ni kasi ya juu: kwa mizunguko 80 ya pedali kwa dakika, kutoka kilomita 27 kwa saa hadi 23. Angalia tu kama sproketi imefungwa kwa bolti. Iliyopigwa ribiti huondoka na krenki yake.

Baiskeli ya kukunja ya Brompton ya London, aliyoibuni Andrew Ritchie miaka ya 1970, inaonyesha hesabu hiihii upande wa pili. Pembetatu yake ya nyuma hukunjwa chini ya fremu, na cheni hulegea mara moja, hivyo lazima pawe na mkono wa kuukusanya ulegevu huo. Kampuni ilipotoa modeli ya P Line ya gia 4 mwaka 2022, sproketi zake zilikuwa za meno 11 hadi 18. Tofauti ni 7, na deraila yake ni ndogo kwelikweli.

Ukimaliza kufunga sehemu mpya kwenye baiskeli yako, hamishia cheni kwenye sproketi kubwa ya nyuma kabla ya kukunja. Deraila inaingia ndani, isigongwe njiani. Kisha kunja polepole ukiangalia waya wa gia kwenye bawaba. Gia zikianza kurukaruka baada ya kukunjua, kagua kwanza kama ala ya waya imechomoka mahali pake, na uibadilishe kwa ndefu zaidi kabla ya kugusa skrubu za deraila.