Kabla mjukuu hajaenda jeshini: Babu amfunze nini?

WAHENGA walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Kwa wavuvi wa Galu, Kaunti ya Kwale, methali hiyo haihitaji mfasiri. Hata hivyo, lipo somo moja ambalo babu hana ruhusa ya kulifundisha nyumbani, hata akiwa askari mstaafu aliyesifika kwa shabaha: matumizi ya bunduki.

Kwingineko, kama vile Marekani, si ajabu babu kumpeleka mjukuu porini na bunduki ya kuwindia. Nchini Kenya, uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Aidha, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka kila mwenye bunduki awe na cheti. Cheti hicho ni cha mtu, si cha ukoo.

Kwale ina sababu yake ya ziada ya kutahadhari. Usiku wa Agosti 13, 1997, vijana waliokuwa wameapishwa na kufunzwa katika msitu wa Kaya Bombo walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua maafisa na kuiba bunduki. Ghasia zilizofuata ziliangamiza zaidi ya watu 100. Miongoni mwa waliohusishwa na mafunzo hayo walikuwa wanajeshi wa zamani. Tangu hapo, mzee anayekusanya vijana vichakani kwa mazoezi ya silaha, hata kwa nia njema, hujitafutia balaa.

Isitoshe, jeshi halimwulizi kijana iwapo anajua kulenga. Katika matangazo ya miaka ya karibuni, kuruta alitakiwa awe Mkenya mwenye umri wa miaka 18 hadi 26, urefu wa angalau mita 1.60, alama ya D katika mtihani wa KCSE, afya njema na rekodi isiyo na doa la uhalifu. Anayekutwa na bunduki haramu hulitia doa hilo yeye mwenyewe.

Kulenga shabaha hufunzwa baadaye, chini ya wakufunzi katika chuo cha makuruta mjini Eldoret. Huko kuruta huelezwa namna ya kutuliza mwili, kukaza kitako cha bunduki begani, kudhibiti pumzi na kuvuta kifyatulio polepole bila kukishtua. Aliyejifunza ovyo hulazimika kwanza kuyasahau mazoea yake, na kuyasahau ni kugumu kuliko kujifunza.

Je, babu hana la kutoa? Analo, tena tele. Mbio za alfajiri katika mchanga wa ufuo humjenga kijana miguu na mapafu. Ndoana humfunza kutulia. Utiifu na kuamka mapema ni nusu ya maisha ya kambini.

Lakini wosia mkubwa zaidi ni kuhusu mali. Kila msimu wa usajili, matapeli huzunguka vijijini wakiahidi nafasi kwa malipo, na baadhi ya vijana hufika Eldoret wakiwa na barua bandia, wakaishia mikononi mwa polisi. Usajili ni bure, na atoaye hongo huvunja sheria sawa na aipokeaye.

Aghalabu ni babu anayeombwa auze kipande cha shamba la minazi ili fedha hizo zipatikane. Akikataa, atakuwa amemkinga mjukuu dhidi ya hasara na jela. Shamba likishauzwa halirudi, ilhali kijana aliyekosa nafasi mwaka huu anaweza kujaribu tena, mradi umri unamruhusu.