Kompyuta Iliyoamka na Anwani ya Jana

Paukwa! Pakawa. Sogeeni karibu, aliye mlangoni aurudishe mlango, leo tunasimulia habari za usingizi.

Kisa cha Watu wa Pangoni wengi wenu mmeshakisikia, kama si madrasa basi kwa bibi. Vijana wanamkimbia mfalme dhalimu, wanaingia pangoni na mbwa wao, usingizi unawachukua. Wanapoamka wanaulizana: tumelala muda gani? Mmoja anajibu, siku moja, au hata siku haijatimia. Kumbe ni miaka 300, na tisa juu yake. Njaa inauma, wanamtuma mwenzao mjini na fedha waliyokuja nayo akatafute chakula. Na hapo sokoni ndipo wasimulizi hodari wanapopenda kutua: muuzaji anaigeuzageuza ile sarafu, anaitazama huku na huku, anamwita jirani yake aje aione. Kijana, hii umeitoa wapi? Mfalme huyu alikufa zamani!

Yule kijana hakuwa mwongo. Sarafu yake ilikuwa halali siku aliyolala. Shikeni hapo, tutaihitaji.

Sasa njooni kwenye kompyuta mpakato ya nyumbani. Jana usiku ulikuwa unaandika kazi ya jiografia, ukachoka, ukaifunika. Asubuhi unaifunua: ukurasa uko palepale, kile kijistari kinamemeta katikati ya sentensi uliyoiacha. Unataka kutafuta picha ya Mlima Kilimanjaro, mtandao hakuna. Chini kulia, mahali pa alama ya waifai, imekaa alama ya dunia yenye kiduara cha katazo. Na jana ilikuwa inashika vizuri tu.

Nyumba nzima itakupa shauri moja: izime, uiwashe. Sina ugomvi na shauri hilo, mara nyingi linafaa. Ubaya wake ni kwamba mtandao unarudi bila wewe kujua uliondoka kwa nini, na kesho asubuhi mambo ni yaleyale. Mimi hupenda kuuliza kwanza: nani ameamka, na nani bado amelala?

Maana kompyuta haiamki yote kwa pamoja. Kanuni za usingizi wake ziliandikwa na kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba, zikatolewa Desemba 1996 kwa jina la ACPI, na mpaka leo ndizo zinazofuatwa na kompyuta nyingi. Ukiifunika, skrini inazimwa, prosesa inazimwa, diski inazimwa. Anayebaki macho ni kumbukumbu, ile RAM, naye anabaki kwa lazima: chaji ya umeme iliyomo ndani yake huvuja, hivyo kila safu sharti ijazwe upya kabla milisekunde 64 hazijapita. Ikikosa, kazi ya jiografia imepotea. Ndiyo sababu kompyuta iliyolala bila chaja usiku kucha huamka betri imepungua. Zipo za siku hizi zinazolala usingizi mwepesi zaidi na kuendelea kupokea ujumbe chinichini, lakini hata hizo hupunguza umeme kila zinapoweza.

Kadi ya waifai, kile kipande kidogo kinachoongea kwa mawimbi ya redio na ruta (kisanduku kinachotoa waifai nyumbani), ni miongoni mwa wanaonyimwa umeme. Unapofunua kompyuta, kuna watu wawili wa kuulizwa habari: kadi hiyo, na ruta iliyokuwa macho wakati nyinyi mmelala.

Anza na ruta, kwa sababu kuikagua ni rahisi. Chukua simu, zima data kabisa (usipoizima simu itakudanganya, itafungua kurasa kwa bando lake yenyewe), kisha iunge na waifai ya nyumbani. Simu nayo haipati kitu? Basi kompyuta haina kosa, iache. Kompyuta mpakato ina betri, lakini ruta nyingi za majumbani hazina. Umeme ulikatika saa nane za usiku, au umeme wa luku uliisha mmelala, ruta ikazima na hakuna aliyejua. Au imewaka taa zote lakini bando lake limekwisha. Umeme ukiwa ndiyo kwanza umerudi, subiri kidogo: ruta zinazotumia baadhi ya chaneli za gigahezi 5 hulazimika kukaa kimya dakika nzima zikisikiliza kama kuna rada inayotumia chaneli hiyo, na katika dakika hiyo jina la waifai ya chaneli hiyo hulioni popote.

Simu ikipata mtandao na kompyuta ikakosa, hapo tuna kesi.

Fungua orodha ya waifai kwenye kompyuta. Ukiona majina ya waifai za majirani, kadi imeamka, maana ndiyo iliyoyasikia. Lakini wakati mwingine orodha hakuna, na hata kitufe cha waifai kimetoweka kwenye skrini. Kabla ya yote tazama safu ya juu ya kibodi, kuna kitufe chenye picha ya ndege. Hicho huzima redio zote, na kidole cha mtoto au kitambaa cha kufutia vumbi hukibonyeza bila kukusudia.

Kama si ndege, basi kadi na draiva wake hawajaelewana. Draiva ni programu inayoifundisha kompyuta namna ya kuiendesha kadi. Kadi nyingi za waifai zina programu yao ndogo ya ndani, na jambo la ajabu ni kwamba hazilali nayo: kila zinapopata umeme upya, draiva huwa na kazi ya kuzikabidhi programu hiyo tena, tangu mwanzo. Asubuhi ukifunua kompyuta makabidhiano hayo yanafanyika kufumba na kufumbua. Siku kadi ikichelewa kuitika, draiva hukata tamaa, na wewe unaona kitufe hakipo. Dawa yake ni kuwaambia waanze upya. Bofya kulia alama ya Windows, chagua Device Manager, fungua Network adapters, bofya kulia jina la kadi ya waifai, chagua Disable device, kisha Enable device. Hilo linahitaji ruhusa ya mwenye kompyuta. Kama si wewe, mwite, usibuni nywila ya kaka yako.

Sasa tuchukue hali inayowachanganya wengi: kompyuta inasema imeunganishwa na waifai, tena mawimbi yamejaa, lakini hapohapo inasema hakuna intaneti. Hapa ndipo yule kijana wa pangoni anapoingia sokoni.

Ruta hutangaza jina lake hewani mara 10 hivi kwa sekunde. Kompyuta ikilisikia na kulitambua, hupeana na ruta jumbe nne za kuthibitisha kwamba zote zinaijua nywila, na nywila yenyewe haitamkwi hewani hata mara moja. Hatua hiyo ikipita, mawimbi yanajaa kwenye alama. Bado lakini huna anwani, na asiye na anwani haletewi mzigo.

Anwani ya IP kwa kawaida hupewi iwe yako daima, unapangishwa. Utaratibu huo unaitwa DHCP. Ulichapishwa 1993, ukaandikwa upya 1997, na mwandishi wake ni Mmarekani Ralph Droms. Ruta inasema: chukua 192.168.1.5, ni yako kwa saa 24. Muda ukifika nusu, kompyuta iliyo macho huomba kuongezewa, huongezewa, na wewe hujui kama kuna lililopita. Kompyuta iliyolala haiombi. Muda unapita nusu, unakwisha. Na kama umeme ulikatika, kuna ruta ambazo zikiwaka tena hazikumbuki ziliwapangisha akina nani. Saa kumi na moja alfajiri simu ya mama inaomba anwani na kupewa ileile 192.168.1.5. Saa mbili asubuhi wewe unafunua kompyuta, nayo inatoka na sarafu yake mkononi: mimi ni 192.168.1.5! Muuzaji anaitazama.

Mara nyingi mambo husawazishwa kimyakimya. Kompyuta yenye adabu huuliza kwanza, ruta hujibu kuwa hiyo si yako tena, na inaomba nyingine. Lakini ujumbe huo husafiri hewani muda uleule ambao kadi ndiyo kwanza inapangusa macho, na ukipotea, kompyuta hubaki na anwani isiyomfaa mtu. Au vifaa viwili vinashika anwani moja, majibu yanaenda mara kwa huyu mara kwa yule, kurasa zinafunguka nusu.

Tusikisie, tutazame. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Linafunguka dirisha jeusi. Andika ipconfig, bonyeza Enter tena. Mistari mingi itashuka, msiiogope. Tafuteni palipoandikwa Wireless LAN adapter Wi-Fi, na chini yake mstari wa IPv4 Address. Nambari ikianza na 192.168, au kwenye nyumba nyingine 10, huenda anwani ni nzima. Ikianza na 169.254, mmemkamata. Hiyo haikutoka kwa ruta. Kompyuta iliita, ikaita, hakuna aliyeitikia, ikajipachika anwani yenyewe, na anwani ya namna hiyo haivuki nje ya nyumba.

Sarafu ya zamani inarudishwa hivi. Palepale kwenye dirisha jeusi andika ipconfig /release, yaani naiachia. Acha nafasi kabla ya ule mkwaju. Kisha andika ipconfig /renew, nipe nyingine. Itatulia kidogo, halafu mistari itashuka tena, na ile 169.254 itakuwa imekwenda zake. Mimi hupenda sana kumwona mtoto akiishuhudia nambari ile ikibadilika, kwa sababu kuanzia hapo hamwiti mtu tena. Wapo watakaokuambia uisahaulishe kompyuta ile waifai kisha uiunge upya. Inafaa pia, ila hakikisha kwanza unaijua nywila, si kwamba aliye nayo kaenda kazini mpaka jioni.

Anwani ikiwa nzima na kurasa bado hazifunguki, andika ping 8.8.8.8. Hiyo ni seva ya Google inayotafsiri majina ya tovuti kuwa nambari. Ikijibu, barabara iko wazi na tatizo ni la majina: jaribu ipconfig /flushdns. Na kama uko shuleni, chuoni au hotelini, fungua kivinjari tu usubiri, kwa sababu waifai za huko hupenda kukudai uingie upya kila ulipolala.

Tatizo likirudi kila asubuhi, rudi Device Manager, bofya mara mbili jina la kadi, nenda ukurasa wa Power Management. Kuna kisanduku chenye tiki kinachoiruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Ondoa tiki. Betri itakwenda haraka kidogo zaidi, nami naona ni bei ndogo. Kompyuta za usingizi mwepesi mara nyingi hazina ukurasa huo kabisa, msihangaike kuutafuta.

Nilisema sina ugomvi na "izime, uiwashe". Uongo, ninao mmoja. Tangu Windows 8 ilipotoka 2012, kompyuta nyingi ukichagua Shut down hazizimi kikamilifu. Hufunga programu zako, halafu moyo wa Windows pamoja na draiva hunakiliwa kwenye diski jinsi walivyo, ili kesho kuwaka kuwe haraka. Draiva aliyechanganyikiwa ananakiliwa na mchanganyiko wake, na kesho anarudi nao. Ukichagua Restart ndipo kila kitu kinapoanza upya kweli. Kwa hiyo mtu akikuapia kuwa ameizima na kuiwasha na haikusaidia, huenda anasema kweli, na huenda vilevile kompyuta yake haijaanza upya tangu wiki iliyopita. Ukitaka kuizima hasa, shikilia Shift huku ukibofya Shut down.

Wenye Ubuntu badala ya Windows, maana najua shule kadhaa zinaitumia, amri zenu ni mbili, kwenye dirisha la amri: nmcli radio wifi off, kisha nmcli radio wifi on.

Tatizo likibaki, dawa ya mwisho ni draiva mpya kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta. Mtauliza: tutampakuaje na waifai yenyewe ndiyo haipo? Chomekeni simu kwenye kompyuta kwa waya wake wa USB, ingieni mipangilio ya simu, washeni sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Kompyuta itaiona simu kuwa ni mtandao wa waya na kadi ya waifai haitaguswa. Angalieni tu ukubwa wa faili kabla ya kubofya, na mwulizeni mwenye simu bando lake lina kiasi gani.