NGURUWE MWITU NA SHAMBA LA MUHOGO
Maelezo kwa Wakulima wa Bagamoyo na Pwani ya Kaskazini



Muhogo husifiwa kwa kuvumilia ukame na kungoja ardhini mpaka siku ya haja. Lakini kungoja huko ndiko kumfaako nguruwe mwitu. Mahindi huyalinda kwa majuma machache. Muhogo hukaa hatarini miezi mingi, na usiku mmoja watosha kufukuliwa shamba zima.

1. TABIA ZAKE. Mchana hulala katika vichaka vizito, kama vile vya kando ya mito Wami na Ruvu, na katika mashamba yaliyoachwa yakaota msitu. Usiku hutoka kwa kundi. Macho yake si makali, lakini pua yake huunusa mzizi ulio chini ya udongo. Chui na simba ndio wamlao. Wakipungua hao, yeye huongezeka.

2. HATARI YA KULINDA VIBAYA. Usidhani hasara ni ya muhogo tu. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 katika Tanzania, wengi wao upande wa kusini. Wataalamu waliochunguza jambo hilo walieleza mwaka 2005 kwamba mashambulio yalizidi wakati wa mavuno, wakulima walipolala mashambani ili kuwafukuza nguruwe, na simba nao waliwafuata nguruwe hao hao. Saadani, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina simba pia. Basi mtu asilale chini shambani, wala katika kibanda kisicho na mlango. Na mtoto asitumwe kulinda kamwe.

3. YAFAAYO KUTENDWA.

(a) Fyekeni vichaka vilivyo mpakani, ili nguruwe akose maficho karibu na chakula.

(b) Limeni mashamba yapakanayo. Shamba lililo peke yake msituni limezungukwa na adui pande zote.

(c) Kwenye ukingo wa msitu pandeni muhogo mchungu, kwa maana nguruwe hupendelea ule mtamu. Lakini sharti umenywe, urowekwe na kukaushwa vema kabla ya kuliwa, kwani una sumu.

(d) Jengeni dungu refu na imara. Walinde watu wazima wawili au zaidi kwa zamu, wakiwa na taa na madebe ya kupiga.

(e) Muhogo uliokomaa ung'olewe, ukatwe na kuanikwa. Usiachwe bure ardhini.

(f) Msitege waya wala kutia sumu. Waya hauchagui wa kumnasa, na sumu huua mbwa na tai pia. Tena, kuwinda bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009. Nguruwe wakizidi, pelekeni habari kwa serikali ya kijiji, ili afisa wanyamapori aitwe.

4. NENO LA MWISHO. Ukilizungushia ua shamba lako peke yako, nguruwe huhamia kwa jirani. Huko hushiba, huzaa, kisha hurudi kwako na watoto wake. Kwa hiyo kaeni kikao kabla ya masika, mgawane kazi ya kufyeka na zamu za dunguni. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.