Ukungu Kati ya Ziwa Albert na Nyanda za Mahagi

Wataalamu wa hali ya hewa huita ukungu ile hali ambayo matone madogo mno ya maji, yanayoelea karibu na ardhi, hupunguza umbali wa kuona hadi chini ya kilomita 1. Kipimo hicho humfaa rubani kuliko dereva, kwa kuwa mwenye gari anayeona mita 900 mbele yake hana shida yoyote, na hatari ya kweli barabarani huanza pale umbali huo unaposhuka chini ya mita 100. Katika jimbo la Ituri, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hali hiyo si ngeni kwa wanaotoka bandari ya Mahagi-Port, kando ya Ziwa Albert, kupanda kuelekea mji wa Mahagi, wala kwa wanaofuata Barabara ya Taifa namba 27 kutoka Bunia, kupitia eneo la Djugu, hadi mpaka wa Uganda.

Ziwa Albert liko mita 619 juu ya usawa wa bahari, ilhali nyanda za Mahagi zinapita mita 1,500, na kati ya viwango hivyo viwili umesimama ukuta wa Bonde la Ufa. Hewa iliyoshiba unyevu wa ziwa, inaposukumwa na upepo kuupanda ukuta huo, hupungua joto kwa takriban nyuzi 1 kwa kila mita 100, mpaka ifikie kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa haiwezi tena kubeba mvuke wake wote, na hapo mvuke hugeuka matone. Kinachoonekana na mtu wa bandarini kuwa wingu lililotua mlimani ndicho ukungu unaomzunguka dereva aliyeko huko juu. Kwa hiyo gari linaweza kuondoka Mahagi-Port jua likiwaka, vioo vikiwa wazi kwa sababu ya joto, na kabla halijamaliza mlima likawa limeingia mahali ambapo ukingo wa barabara hauonekani. Aina ya pili huzaliwa usiku, anga linapokuwa jeupe na ardhi ikapoteza joto lake haraka, hewa baridi ikateremka na kujaa mabondeni. Huu ndio ukungu wa alfajiri, ambao jua likipanda hutawanyika.

Bahati mbaya ni kwamba alfajiri ndiyo saa ya safari. Mwenye bidhaa hutaka kuwahi soko, anayevuka mpaka hutaka kumaliza shughuli zake mchana, na miaka mingi ya ukosefu wa usalama imewafanya wengi waogope kukutwa na giza njiani. Ushauri wa kungoja saa mbili hadi jua lipande ni rahisi kuutoa ukiwa mezani, lakini dereva wa lori anajua gharama ya saa mbili hizo, na lawama zote haziwezi kuwekwa juu yake peke yake.

Kosa la kwanza la aliyeingia ukunguni ni kuwasha taa kubwa. Kila tone hutawanya mwanga na kuurudisha kwa aliyeutoa, hata dereva akawa kama mtu anayemulika tochi akiwa ndani ya chandarua cheupe: anachokiona vizuri ni chandarua. Taa ndogo zinazoelekea chini husaidia zaidi, na taa za ukungu hufungwa chini ya bampa kwa sababu hiyo hiyo, ili mwanga upite karibu na ardhi badala ya kupiga ukuta mweupe ulio mbele ya macho. Kioo nacho huleta taabu yake, kwani gari lililojaza abiria, huku vioo vimefungwa kwa sababu ya baridi ya milimani, hujaa mvuke wa pumzi, na dereva anayefuta kioo kwa kiganja huku mkono mmoja ukiwa kwenye usukani ana ukungu wa aina mbili, wa nje na wa ndani. Kufungua madirisha kidogo, au kuelekeza hewa ya moto kwenye kioo, huondoa huo wa ndani.

Hatari yenyewe ni ya hesabu. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde, na dereva aliye macho huhitaji takriban sekunde moja na nusu kutambua kitu na kukanyaga breki, yaani mita 25 zimekwisha kabla magurudumu hayajaanza kushikwa. Juu ya udongo uliolowa, hata breki zikiwa nzuri, huongezeka mita 35 nyingine. Anayeona mita 40 tu mbele yake kwa mwendo huo amekwisha kugonga kabla ya kuona. Akipunguza hadi kilomita 40, jumla hushuka hadi kama mita 32, ingawa lori lililozidisha mzigo kwenye mteremko wa kushuka ziwani halipimwi kwa hesabu hizi nyepesi, nalo lafaa kushuka kwa gia ndogo tangu kileleni.

Je, dereva hutambua mwendo wake? Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, akiwemo Robert Snowden, walionyesha kwa kutumia mtambo wa kuigiza uendeshaji kwamba picha iliyofifia huonekana kwenda polepole kuliko ilivyo, na hivyo dereva huongeza mwendo bila kujua. Mwaka 2012 kundi jingine, likihusisha Taasisi ya Max Planck ya Tübingen, Ujerumani, liliiga ukungu kwa namna iliyokaribia uhalisi, ambapo vitu vya mbali hufifia zaidi kuliko vya karibu, likapata kinyume chake. Mabishano hayo yana ladha kwa wanasaikolojia. Dereva anachohitaji kuchukua humo ni kwamba jicho lake si kipimamwendo, na kama mshale wa kwenye dashibodi umekufa, kama ilivyo katika magari si machache, kuna njia nyingine. Mkaratusi unapochomoza ukunguni, na ahesabu sekunde hadi aufikie: zikiwa chini ya nne, anakwenda kasi kupita macho yake.

Ituri ina utata wake wa ziada. Kongo huendesha kulia na Uganda kushoto, na magari mengi yanayoingia kupitia Afrika Mashariki yana usukani upande wa kulia, kwa hiyo dereva wake akiwa Kongo hukaa upande wa ukingo wa barabara. Akitaka kulipita lori, humbidi kulitoa gari karibu lote kwenye njia ya wanaokuja ndipo aone kilicho mbele, na ndani ya ukungu hata akilitoa haoni. Kulipita gari jingine katika hali hiyo ni kucheza kamari. Vilevile kizuizi cha kamba au mti uliolazwa juu ya mapipa, ambacho mchana huonekana kutoka mbali, asubuhi yenye ukungu hujitokeza ghafla, pamoja na foleni ya magari yaliyosimama na wachuuzi wanaoyazunguka. Lori lililoharibika huwekewa matawi mabichi nyuma kama onyo, nayo ni desturi nzuri inayosomwa na kila dereva, lakini matawi yaliyowekwa hatua kumi nyuma ya lori hayamwokoi mtu anayehitaji mita 60. Katika ukungu yapaswa kuanza mbali zaidi.

Wakati wa kiangazi ukungu hupata mwenzi, yaani moshi wa nyasi zinazochomwa. Chembe za moshi huupa mvuke mahali pengi pa kushika, matone yakawa mengi na madogo zaidi, na uwezo wa kuona ukaweza kushuka hadi mita 3. Mchanganyiko huo ndio uliosababisha magari 158 kugongana katika jimbo la Louisiana, Marekani, tarehe 23 Oktoba 2023, watu wasiopungua 7 wakapoteza maisha.

Katika jimbo jingine la Marekani, Tennessee, ukungu wa tarehe 11 Desemba 1990 uligonganisha magari 99 na kuua watu 12, na miaka michache baadaye serikali ya jimbo ikafunga vipima-ukungu, mabango ya onyo na mageti ya kufunga barabara. Mitambo ya namna hiyo haitarajiwi Mahagi kwa sasa. Mawe yaliyopakwa chokaa kwenye kona za mlima, mapipa ya vizuizi yaliyobandikwa karatasi zinazoakisi mwanga, na simu moja kutoka kizuizi cha juu kwenda cha chini kueleza hali ya asubuhi ile, ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa wanaokusanya ushuru wa barabara hiyo kila siku.