Sabuni Ndani ya Mwamba: Jinsi ya Kuyatoa Mafuta Yaliyokwama Ardhini

Pika nyama yenye mafuta katika nyumba yoyote mtaani Jamhuri, Nairobi, kisha imwagie sufuria maji baridi. Mafuta yatabaki yameganda pembeni. Tia sabuni kidogo, sugua, nayo yataachia. Chini ya ardhi ya Lokichar, kaunti ya Turkana, tatizo ni lilo hilo, ila sufuria yenyewe ni mwamba.

Mafuta ghafi hayakai ardhini kama ziwa. Yamo ndani ya vitundu vidogo vya mawe ya mchanga, kama maji ndani ya sponji. Kisima kikichimbwa, shinikizo la asili husukuma juu sehemu ndogo tu. Likipungua, maji huingizwa kupitia visima vingine ili yasukume zaidi. Hata hivyo, katika hifadhi nyingi duniani, zaidi ya nusu ya mafuta hubaki chini.

Chanzo ni kwamba maji na mafuta hayachanganyiki. Yanapokutana huwa na mvutano unaolifanya tone la mafuta likaze umbo lake na kukwama penye upenyo mwembamba. Maji hupita kando na kuliacha.

Kemikali za jamii ya sabuni, ziitwazo safaktanti, huuvunja mvutano huo. Molekuli ya safaktanti ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, hivyo hukaa mpakani na kuyapatanisha. Aina bora huushusha mvutano mara elfu moja au zaidi. Tone hulegea, likanyumbuka na kupenya. Aghalabu huongezwa polima ili maji yawe mazito na yasikimbilie njia rahisi. China imetumia mchanganyiko kama huo kwa kiwango kikubwa huko Daqing, na Oman imekuwa ikiingiza maji yenye polima huko Marmul tangu 2010.

Lakini safaktanti hunata kwenye mwamba na kupotea njiani, na chumvi nyingi au joto kali huidhoofisha. Ndiyo sababu watafiti wamegeukia chembe za nano, hasa za silika, zenye upana wa nanomita 1 hadi 100. Unywele wa binadamu una unene wa takriban nanomita 80,000. Chembe hizo hujipenyeza kama kabari kati ya mafuta na jiwe, zikayabandua, na huufanya uso wa jiwe upende maji kuliko mafuta. Zisipodhibitiwa, hushikana mabonge na kuviziba vitundu. Kwa hiyo kazi kubwa bado inafanyika maabarani.

Mafuta ya Turkana yana ugumu wake. Yaligunduliwa mwaka 2012 katika kisima cha Ngamia 1, na shehena ya kwanza, zaidi ya mapipa 200,000, iliondoka Mombasa Agosti 2019. Yana nta nyingi, hivyo huganda yakipoa. Mafuta ya Uganda yana tabia hiyo pia, na ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 la kuyafikisha Tanga limebuniwa la kupashwa joto. Dawa iliyofaulu Daqing au Marmul haiwezi kuletwa Lokichar bila kupimwa kwanza kwa mafuta, maji na mawe ya huko huko.

Afya nayo ipimwe. Vumbi laini la silika likivutwa huweza kuharibu mapafu, kwa hiyo anayechanganya unga huo anahitaji barakoa inayofaa. Safaktanti zikifika mtoni huweza kuua samaki. Tena mipango ya Lokichar imelitaja bwawa la Turkwel kuwa chanzo cha maji ya kuingiza visimani, katika nchi ambako mtu na ngamia wake hutembea mbali kutafuta maji.

Sufuria ya Jamhuri ikishaoshwa, tunajua maji machafu yanakoelekea. Wananchi wa Turkana wana haki ya kujua hivyo hivyo. Visima vyao vya maji vipimwe kabla ya kemikali yoyote kuingizwa ardhini, vipimwe tena baadaye, na matokeo yasomwe hadharani kwa Kiturkana na Kiswahili.