Kazi ya Wachunguzi wa Alama za Jinai

Watu wa Rhamu, mji ulio kando ya Mto Daua mpakani mwa Kenya na Ethiopia, hawana haja ya kufundishwa maana ya alama. Mchungaji aliyepotewa na ngamia huinama, akatazama nyayo mchangani, akajua kama mnyama alipita usiku au asubuhi, kama alikwenda polepole au alifukuzwa, na mara nyingi akajua ni ngamia wa nani. Kazi tunayotaka kuwaeleza wasomaji wetu juma hili ni ndugu ya kazi hiyo, ila mwenye kuifanya hutumia hadubini na dawa za maabara, na mwisho wake ni kusimama mbele ya hakimu na kula kiapo.

Mfaransa mmoja, Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi katika mji wa Lyon mwaka 1910, alifundisha kwamba mtu aingiapo mahali huacha kitu chake, naye huondoka na kitu cha pale. Huenda kikawa unywele, uzi wa shati, tone la damu, au vumbi katika viatu. Mtaalamu hatafuti mtu. Hutafuta vitu hivyo vidogo, kisha huuliza vimetoka wapi.

Katika alama zote, ile ya kidole ndiyo iliyotumika muda mrefu zaidi. Mistari iliyo kwenye ncha za vidole hufanyika mtoto angali tumboni mwa mama yake, nayo haibadiliki mpaka kufa. Hata pacha wanaofanana kabisa, ambao vinasaba vyao huwa sawa, alama zao za vidole hutofautiana. Mwaka 1892 huko Argentina watoto wawili waliuawa, na mama yao akamshitaki jirani. Lakini alama ya kidole yenye damu ilionekana mlangoni, nayo ilipolinganishwa ikawa ya mama mwenyewe, akakiri. Taabu iliyobaki ilikuwa kuzipanga alama maelfu kwa maelfu ili moja iweze kupatikana upesi. Kazi hiyo ilifanywa katika Bengal, Bara Hindi, na maofisa wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, na ofisi ya alama ikafunguliwa Calcutta mwaka 1897. Polisi wa London waliupokea mpango huo mwaka 1901. Mpango wenyewe ulipewa jina la mkubwa wao, Edward Henry, ingawa hesabu nyingi walizifanya wale wawili.

Katika Kenya alama za vidole zilianza kwa njia iliyochukiza. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 na kutiwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kuchukuliwa alama na kutembea na cheti chake ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Si ajabu kwamba wazee wengi waliiona wino ile kama kamba ya mbuzi. Siku hizi kila raia mtu mzima, awe nani, huchukuliwa alama apatapo kitambulisho, na faida yake ilionekana siku ya msiba. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Maiti walipelekwa Nairobi katika nyumba ya maiti ya Chiromo, na pale ambapo uso haukuweza kutambulikana, alama za vidole zilisaidia kumrudisha mtoto kwa wazazi wake.

Daktari achunguzaye maiti naye husoma alama, lakini zake zi katika mwili. Mwaka 1980 Joy Adamson, mwandishi aliyejulikana kwa kulea simba, alikutwa amekufa huko Shaba, karibu na Isiolo. Habari zilizotangazwa kwanza zilisema ameuawa na simba. Majeraha yalipotazamwa vizuri yalionekana ni ya chombo chenye makali, na baadaye mfanyakazi wake wa zamani alihukumiwa. Ukucha hupasua nyama kwa namna yake, na kisu kwa namna yake.

Kesi ya Julie Ward, msichana Mwingereza aliyeuawa Maasai Mara mwaka 1988, ilikwenda vibaya. Daktari aliandika kwamba mfupa ulikatwa kwa kitu chenye makali, kisha maneno ya ripoti yakabadilishwa ili yaonyeshe kazi ya wanyama wa mwitu. Baba yake hakukubali, akafuatilia miaka mingi. Watu walishitakiwa mara mbili wakaachiliwa, na hakuna aliyepatikana na hatia. Maabara iwe nzuri namna gani, kalamu moja isiyo ya kweli yaweza kuiharibu kazi yake yote.

Sasa turudi Rhamu. Maabara kuu ya polisi ya uchunguzi wa jinai, iliyofunguliwa mwaka 2022, iko Nairobi katika barabara ya Kiambu, mwendo wa karibu kilomita elfu moja. Kwa hiyo mtaalamu wa kwanza huku si mwenye koti jeupe. Ni askari wa kituo, na kabla yake ni mwananchi aliyefika wa kwanza. Nyayo za mwuaji zaweza kufunikwa kwa karai mpaka askari afike, apige picha na kumimina plasta. Maganda ya risasi yasiokotwe wala yasigawiwe watoto wachezee, kwa sababu kila bunduki huyachora kwa namna yake. Nguo yenye damu ianikwe kivulini hadi ikauke, kisha itiwe katika karatasi. Ikitiwa ndani ya mfuko wa plastiki ingali mbichi, kwa joto la Mandera itaoza, na mtaalamu huko Nairobi hatapata kitu.

Liko jambo zito zaidi. Mwanamke anaponajisiwa, desturi ni kumwosha na kufua nguo, kisha wazee hukaa maslaha na kukubaliana mali. Twaheshimu wazee, lakini maji yale huosha ushahidi wote, na yule mwovu hubaki akitembea kijijini. Yafaa apelekwe hospitali kabla ya kuoga, na kabla ya saa 72 kupita, maana muda huo ndio dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hufaa. Nguo alizovaa zichukuliwe pamoja naye.

Tena kuna mazishi. Dini yahimiza maiti azikwe upesi, na wengi huona daktari anawachelewesha. Lakini kifo chenye mashaka kikizikwa bila kuchunguzwa, huenda hakimu akaamuru kaburi lifukuliwe, na hapo uchungu huwa mara mbili. Ndugu wa watu waliofukuliwa msituni Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, wanaijua subira hiyo. Maiti zaidi ya 400 walitolewa ardhini, wengi wasiotambulika. Jamaa walitoa vinasaba vyao ili vilinganishwe na vya marehemu, na familia za kwanza zilikabidhiwa watu wao Machi 2024.

Atakaye kazi hii na asome kemia na elimu ya viumbe kwa bidii. Daktari wa maiti husomea udaktari kwanza, kisha huongeza miaka kadhaa. Mshahara si wa kutajirisha, na harufu haizoeleki upesi.

Kortini mtaalamu hasemi, "Huyu ndiye mwuaji." Husema tu kwamba damu hii yalingana na ile, na hueleza amejuaje. Wakili wa mshitakiwa huacha sayansi kando akauliza mambo ya kawaida: nani alikichukua kielelezo hiki, alikiweka wapi usiku ule, lakiri ilivunjwa na nani? Askari wa Rhamu aliyeandika saa na tarehe katika daftari lake ndiye atakayeitwa ajibu.