Uzi wa Kioo

Zamani simu zilipita katika waya wa shaba. Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai, China, alitaka zipite kwa mwanga, ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Lakini mwanga ulififia upesi ndani ya kioo. Wataalamu wengi hawakumwamini.

Mwaka 1966, huko Uingereza, Kao na mwenzake walieleza kuwa kinachozuia mwanga ni uchafu uliomo ndani ya kioo. Kisha Kao alipima vioo vingi, akaonyesha kuwa ni kweli. Mwaka 1970 mafundi wa Marekani walitengeneza uzi safi. Mwaka huo Kao alianza kufundisha chuo kikuu, Hong Kong.

Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka huohuo nyuzi za kioo zilifika Mombasa na Dar es Salaam, zikipita chini ya bahari. Leo ukimpigia simu ndugu aliye ng'ambo, huenda sauti yako inapita humo.